Rekodi 40,000, wateja wangapi? Shajara ya mradi wa mafunzo kwa vitendo

Kabla ya kuanza

Mradi ni kusafisha jedwali la wateja katika mfumo wa oda na ankara. Jedwali lina rekodi zipatazo 40,000, na mteja mmoja huweza kuonekana humo mara mbili, tatu au zaidi. Mafunzo ni ya wiki 16, sehemu ya shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari. Hifadhidata ni PostgreSQL na skripti zinaandikwa kwa Python.

Wasimamizi ni wawili, na kila mmoja ana analolitafuta. Wa kazini anataka jedwali safi ambalo watu wake wataweza kuliendesha mwanafunzi akishaondoka. Wa chuo anataka swali la utafiti, mbinu, vipimo na uhakiki. Asiyewakutanisha hawa wawili mapema huishia kuandika ripoti ya kulazimisha mwezi wa mwisho, akitafuta vipimo ambavyo hakuvichukua kazi ilipokuwa inaendelea. Kwa hiyo umeandikwa waraka wa ukurasa mmoja na wote wawili wametia saini: kazi inaishia wapi, data gani inaruhusiwa kutajwa kwenye ripoti, na kazi itahesabika imekamilika lini.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichobishaniwa zaidi, na ilistahili. "Kusafisha data" si kigezo, kwa sababu hakuna siku data itasema imetosheka. Vilivyokubaliwa ni vinne:

- hakuna oda wala ankara inayopotea au kuhamia kwa mtu mwingine;
- kila rekodi iliyounganishwa iweze kutenganishwa tena;
- kati ya jozi za rekodi zinazounganishwa bila mtu kuzikagua, zenye makosa zisizidi 1 kwa kila 100;
- mfanyakazi ambaye hakuwa kwenye mradi aweze kuendesha kazi yote kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa, bila kuuliza.

Wiki ya 1

Ruhusa ndizo zinazokula muda, si kazi yenyewe. Orodha ya maombi ilitumwa kwa pamoja siku ya kwanza: akaunti ya kusoma tu kwenye nakala ya hifadhidata (siyo kwenye seva inayohudumia wateja), hazina ya msimbo, seva ya majaribio, na jina la mtu anayejua maana ya kila safu kwenye jedwali. Hilo la mwisho husahaulika, halafu mtu anakaa siku mbili akikisia tofauti ya `hali` na `hali_2`.

Wakati ruhusa zinasubiriwa, muundo wa hifadhidata unasomeka bila data yoyote. `pg_dump --schema-only` hutoa majedwali, funguo na masharti yote bila rekodi hata moja, na hakuna mwenye mali anayekataa kuutoa. Humo ndimo ilimoonekana kwamba majedwali sita yanategemea jedwali la wateja, mawili kati yake kwa sharti la `ON DELETE CASCADE`, yaani mteja akifutwa, mistari yake humo hufutwa pia. Limewekewa alama nyekundu, litarudi.

Akaunti ilipofunguliwa, kitu cha kwanza kilikuwa `ALTER ROLE ... SET statement_timeout = '30s'`. Swali lililoandikwa vibaya litajikatia lenyewe baada ya sekunde 30 badala ya kulemea seva hadi mtu apige simu.

Nywila zinakaa kwenye faili la `.env`, na faili hilo liliingizwa kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili yasiyoingia kwenye hazina, kabla ya komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa) ya kwanza. Nywila ikishasukumwa kwenye hazina, kuifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, maana historia yote inabaki. Utaratibu ni kubadilisha nywila kwanza, kusafisha historia baadaye. Wengi huanza na historia, na saa zote hizo nywila ya zamani inaendelea kufungua mlango.

Daftari la kumbukumbu limeanza na safu tano: tarehe, kazi, saa, ushahidi, na saini. Ushahidi maana yake ni namba ya komiti, namba ya tiketi au jina la faili la vipimo. Saini ya msimamizi wa kazini ni kila Ijumaa. Kumletea mtu wiki 16 azitie saini kwa mpigo ni kumwomba athibitishe asichokikumbuka.

Wiki ya 2

Usiri wa data. Wazo lililotangulia lilikuwa kugeuza namba za simu kuwa mfuatano usiosomeka kwa kanuni ya SHA-256 na kuzipeleka kwenye kompyuta mpakato ya mwanafunzi. Limekataliwa, kwa hesabu hii: namba yenye tarakimu 9 zinazobadilika ina uwezekano 1,000,000,000 tu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzikokotoa zote na kulinganisha kwa muda mfupi. Anayelipata faili anazipata namba zenyewe. Kinachofaa ni HMAC, ugeuzaji kama huo lakini wenye ufunguo wa siri, na ufunguo huo usitoke kwenye seva ya kampuni.

Majina yana tatizo jingine. Kulinganisha majina kunahitaji kuona herufi, na jina likishageuzwa, tofauti ya herufi moja huleta matokeo yasiyofanana hata kidogo. Uamuzi: ulinganishaji wote unafanyika ndani ya seva ya majaribio ya kampuni. Kinachoruhusiwa kutoka kwa ajili ya ripoti ya chuo ni namba za jozi, alama za ufanano na hukumu ya mkaguzi, basi.

Wiki ya 3

Ukaguzi wa data kama ilivyo. Timu ya mauzo ilikwisha kutoa nakala kwenye lahajedwali ili "kurahisisha". Imewekwa kando. Lahajedwali hula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, hugeuza namba ndefu kuwa za kisayansi, na Excel hutunza tarakimu 15 tu zenye maana, kwa hiyo kitambulisho chenye tarakimu 16 hupoteza ya mwisho na kuwekewa sifuri. Faili halilalamiki, linafunguka vizuri tu. Na muundo wa zamani wa XLS hauzidi mistari 65,536. Mwaka 2020, Public Health England, wakati huo shirika la afya ya umma la Uingereza, liliacha visa 15,841 vya korona nje ya takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na kikomo hicho cha mistari ndicho kilichotajwa kuwa chanzo.

Data imetolewa kwa `\copy` kwenda CSV, faili la maandishi matupu, na kusomwa kwa `dtype=str`, yaani kila safu ni maandishi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Safu ya kwanza ilikataa kutambulika kwa jina lake ingawa kwa macho ilikuwa sawa. Sababu ni baiti tatu zisizoonekana, EF BB BF, mwanzoni mwa faili moja la zamani. Kusoma kwa `utf-8-sig` kumemaliza hilo.

Thamani zilizojirudia kupita kiasi zimeorodheshwa kwa kila safu. Zoezi hili la nusu siku lina faida kuliko yote ya wiki. Tarehe za kuzaliwa 01/01/1900 na 01/01/1970 si za watu: ya kwanza ni ya fomu inayolazimisha kujaza, ya pili ni sifuri ya saa ya Unix. Simu yenye sifuri kumi. Barua pepe moja ya ofisi iliyoandikwa kwa kila mteja asiyekuwa na barua pepe. Zote zimegeuzwa kuwa "hakuna" kwenye nakala ya kazi, kwani zikiachwa zitawafanya watu wasiojuana kuwa mtu mmoja.

Wiki ya 4 na ya 5

Usawazishaji. Safu za asili hazijaguswa. Matokeo yanakwenda kwenye safu mpya zenye kiambishi `s_`. Orodha ya yaliyofanyika, kwa mfuatano huu huu:

1. Herufi za Unicode kwenda NFC, mtindo mmoja wa kuziandika, ili é ya alama moja na é ya alama mbili ziwe kitu kimoja.
2. Apostrofi iliyopinda (U+2019) kuwa iliyonyooka (U+0027). Jina lenye ng' huandikwa kwa zote mbili kutegemea simu au kibodi, na kompyuta huyaona majina mawili.
3. Nafasi isiyokatika, U+00A0, kuwa nafasi ya kawaida. Kisha nafasi zilizofuatana kuwa moja.
4. Herufi ndogo.
5. Majina kupangwa kialfabeti kwenye safu ya pembeni, kwa sababu fomu moja huanza na jina la ukoo na nyingine humalizia nalo.
6. Simu kwenda mtindo wa E.164: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, tarakimu zisizozidi 15 kwa jumla.

Mfuatano una maana. Hatua ya 5 ikitangulia ya 3, nafasi isiyokatika huweza kufanya majina mawili yahesabike kuwa neno moja, na mpangilio mzima unakuwa wa uongo. Kila hatua ina jaribio lake lenye mifano ya kuingia na ya kutoka. Ombi la kuunganisha tawi lilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu hatua zote sita zilikuwa kwenye komiti moja isiyosomeka. Mkaguzi yuko sahihi: komiti moja, badiliko moja.

Wiki ya 6

Jozi. Rekodi 40,000 zikilinganishwa kila moja na kila nyingine ni 40,000 × 39,999 ÷ 2, yaani jozi 799,980,000. Zikigawanywa katika mafungu 400 ya rekodi 100, jozi zinashuka hadi 1,980,000. Hesabu ya pili inamalizika wakati mtu anakunywa chai, ya kwanza inamalizika kesho akipenda Mungu.

Ila kila ufunguo wa kugawa mafungu una watu unaowapoteza. Ukigawa kwa herufi tatu za kwanza za jina la ukoo, aliyekosewa herufi ya pili hatakutana kamwe na pacha wake wa kweli, na hakuna ripoti itakayomtaja, kwa sababu jozi yenyewe haikuundwa. Dawa ni kutumia funguo kadhaa na kukusanya jozi za zote: simu kamili, tarehe ya kuzaliwa, herufi tatu za jina la ukoo pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Jozi inayotoka kwenye funguo mbili huhesabiwa mara moja. Fungu lolote linalozidi rekodi 500 linasimamisha skripti na kutoa onyo. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa namba nyingine ya ofisi iliyokuwa imepita kwenye chujio la wiki ya 3.

Wiki ya 7 hadi ya 9

Alama na kizingiti. Hapa ndipo mradi ulipo, na hapa ndipo ripoti ya chuo itakapochota.

Jaribio la kwanza lilikuwa alama ya jina pekee. Kipimo cha Levenshtein, cha mwaka 1965, huhesabu herufi za kuongeza, kutoa au kubadilisha. Jaro-Winkler hutoa alama kati ya 0 na 1 na huyapendelea maneno yanayoanza sawa. Sasa tazama jozi hizi mbili. "Salma" na "Slama": kosa la kuchapa, mtu mmoja. "Maria" na "Mariamu": huenda ni watu wawili kabisa. Levenshtein inatoa 2 kwa jozi zote mbili. Jaro-Winkler inatoa 0.94 kwa zote mbili. Hakuna kizingiti, kipandishwe au kishushwe, kitakachotenganisha jozi hizo kwa jina peke yake. Mwanafunzi anayetumia wiki tatu kutafuta kipimo bora cha majina anatafuta kisichokuwepo. Kinachotenganisha kiko kwenye safu nyingine.

Kwa hiyo mbinu iliyochukuliwa ni ya wanatakwimu Fellegi na Sunter, ya mwaka 1969. Kwa kila safu kuna namba mbili: *m*, uwezekano kwamba rekodi mbili za mtu yule yule zinakubaliana kwenye safu hiyo, na *u*, uwezekano kwamba rekodi za watu tofauti zinakubaliana kwa bahati. Uzito wa kukubaliana ni logi ya msingi 2 ya *m/u*. Uzito wa kutokubaliana ni logi ya msingi 2 ya *(1−m)/(1−u)*. Uzito wa safu zote unajumlishwa.

Mfano wa karibu. Safu yenye *m* ya 0.9 na *u* ya 0.01 ikikubaliana inaongeza 6.49, isipokubaliana inapunguza 3.31. Jinsia, yenye *m* ya 0.98 na *u* ya 0.5, ikikubaliana inaongeza 0.97 tu, lakini isipokubaliana inapunguza 4.64. Yaani kulingana jinsia hakuthibitishi lolote, kutolingana kunatia shaka kubwa. Alama ya kubahatisha isingeonyesha hilo. Mtu angeipa jinsia "pointi 5" na kuendelea. Safu isiyo na thamani inapewa sifuri, haihesabiki kuwa kutokubaliana. Hili likikosewa, kila mteja aliyejaza fomu nusu anaonekana mgeni.

Angalizo la kinadharia ambalo msimamizi wa chuo aliliona mara moja: kujumlisha uzito hivi kunadhania kwamba safu hazitegemeani. Simu na anwani zinategemeana, maana watu wa nyumba moja hugawana zote mbili. Baba na mtoto wenye jina la ukoo moja, simu moja na anwani moja wanapata alama ya juu isiyostahili. Imeongezwa kanuni: tarehe za kuzaliwa zikiwepo pande zote na zikitofautiana kwa zaidi ya miaka 12, jozi haiunganishwi na mashine hata alama iwe kubwa vipi.

Kisha ukaguzi wa binadamu. Jozi 500 zilichaguliwa, nyingi zikiwa karibu na eneo la mashaka, kwa sababu jozi zilizo wazi hazifundishi kitu. Wafanyakazi wawili wa huduma kwa wateja walizihukumu kila mmoja peke yake, bila kuona alama ya mashine. Makubaliano yao yalipimwa kwa kappa ya Cohen, ambayo huondoa makubaliano ya bahati. Pale walipotofautiana, sababu iliandikwa kwa sentensi moja, na sentensi hizo zimeleta kanuni mbili mpya ambazo hakuna hesabu ingezileta. Moja: kampuni na mwenye kampuni ni wateja wawili hata kama simu ni moja.

Matokeo yamegawanywa kanda tatu: juu kabisa, mashine inaunganisha; katikati, inakwenda kwenye foleni ya mkaguzi; chini, inaachwa. Kanda ya katikati ndiyo bei ya usalama. Ukiibana sana mashine inafanya makosa; ukiipanua sana foleni inakuwa ndefu, na baada ya wiki mbili wakaguzi wanaanza kubofya "ndiyo" bila kusoma.

Kigezo cha tatu, kile cha makosa yasiyozidi 1 kwa kila 100, kinahesabikaje? Sampuli ile ya 500 haifai, maana haikuchukuliwa kwa nasibu kutoka kanda ya juu. Imechukuliwa nyingine, ya jozi 300 za kanda hiyo, kwa nasibu. Kanuni iitwayo kwa Kiingereza "rule of three" inasema: ukikagua jozi *n* usione kosa hata moja, kikomo cha juu cha kiwango cha makosa, kwa uhakika wa asilimia 95, ni takribani 3/*n*. Kwa 300 ni asilimia 1, inatosha kwa ncha ya kucha. Kosa moja likionekana, kikomo kinapanda hadi kama asilimia 1.6 na kigezo kimeshindikana. Ili kosa moja livumiliwe zinahitajika jozi zipatazo 475. Kizingiti cha awali kilitoa kosa moja kwenye 300. Kimepandishwa, sampuli mpya imechukuliwa kwa nasibu, safari hii bila kosa. Kuikagua upya sampuli ile ile ya zamani kwa kizingiti kipya ni kujidanganya, na mtahini yeyote wa uzamili atauliza.

Wiki ya 10

Makundi. Jozi hazitoshi: A analingana na B, B analingana na C, basi wote watatu ni kundi moja, hata kama A na C hawalingani hata kidogo. Hivyo ndivyo minyororo inavyokua. Jaribio la kwanza lilizaa kundi lenye rekodi kadhaa za watu wasiohusiana, zilizoshikanishwa na rekodi moja mbovu katikati, yenye nusu ya jina na simu ya jirani.

Kanuni iliyowekwa: kundi la rekodi zaidi ya mbili linaunganishwa na mashine pale tu kila jozi ndani yake iko kanda ya juu. Likikosa hata jozi moja, kundi zima linakwenda kwa mkaguzi. Ni kanuni kali, na itaacha marudio kadhaa bila kuunganishwa. Marudio yaliyobaki ni kero. Ankara ya mtu kwenda kwa mwingine ni kesi.

Wiki ya 11 na ya 12

Kuunganisha kwenyewe, kwenye seva ya majaribio.

Rekodi inayobaki ni ile yenye oda ya karibuni zaidi. Rekodi nyingine hazifutwi, zinawekewa alama `imeunganishwa` na namba ya ile inayobaki. Kufuta kumekatazwa kabisa kwa sababu ya ile alama nyekundu ya wiki ya 1: kwa `ON DELETE CASCADE`, kumfuta mteja kunafuta na oda zake zote kimya kimya, na hifadhidata itasema kazi imefanyika vizuri.

Kila kundi ni muamala mmoja, unaofanyika wote au usifanyike kabisa: oda, ankara, malalamiko na kumbukumbu nyingine zinahamishiwa kwenye namba inayobaki, kisha mstari unaandikwa kwenye jedwali la ramani. Ramani ina namba ya zamani, namba mpya, alama, aliyeidhinisha (mashine au mtu), wakati kwa UTC, orodha ya funguo zilizohamishwa na nakala ya rekodi ya zamani kwa JSON. Bila orodha ya funguo zilizohamishwa, kutengua hakuwezekani: ukishaziweka oda za watu wawili chungu kimoja, namba ya mteja haisemi tena ipi ilitoka wapi.

Kilichokwama ni jedwali la mapendeleo ya mawasiliano. Lina sharti la mstari mmoja kwa kila mteja, na rekodi mbili zinapounganishwa kila moja ina mstari wake. PostgreSQL ilikataa kwa kosa namba 23505. Suluhisho si la kiufundi: nani anashinda, aliyekubali kupokea matangazo au aliyekataa? Idara ya sheria imejibu kwamba kukataa kunashinda. Jibu limehifadhiwa kama barua pepe na namba yake iko kwenye maoni ya msimbo.

Makundi yanafanywa 500 kwa awamu, na mapumziko mafupi katikati, ili mifungo ya hifadhidata isiwazuie wanaotumia mfumo. Faharisi mpya imeundwa kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ambayo haikubali kuwa ndani ya muamala, na ikikatika njiani huacha faharisi iliyoandikwa `INVALID` inayokula nafasi bila kusaidia. Lazima iondolewe kwa mkono.

Majaribio matatu ndiyo yanayoamua. Jumla ya oda na jumla ya fedha za ankara kabla na baada lazima zilingane hadi senti, kwa aina ya `numeric` (desimali kamili), siyo `float` (makadirio). Kuendesha kazi mara ya pili lazima kusibadilishe mstari hata mmoja. Na kuunganisha kisha kutengua lazima kurudishe majedwali yote kama yalivyokuwa. Yote matatu yamepita, la tatu likiwa la mwisho na la taabu.

Wiki ya 13

Ratiba na nakala za akiba. Kazi inaendeshwa usiku na cron, programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba. Ilifanya kazi kwa mkono na kushindwa kwa cron, kwa sababu ile ile ya siku zote: cron ina `PATH` (orodha ya mahali pa kutafutia programu) fupi na haijui mazingira ya Python ya mtu yeyote. Njia kamili imeandikwa. `flock` imeongezwa ili kazi ya leo isianze kama ya jana haijaisha.

Kabla ya kwenda kwenye seva ya kazi halisi, nakala ya akiba imerejeshwa yote kwenye mashine tupu na mistari kuhesabiwa. Si kwamba faili lipo, limerejeshwa. Msimamizi aliyeuliza kwa nini nusu siku ipotee hapo alikumbushwa Januari 31, 2017, GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo, ilipopoteza data ya takribani saa 6. Mhandisi alifuta saraka kwenye seva isiyo yenyewe, na nakala za akiba za `pg_dump` zilizodhaniwa zipo hazikuwepo, kwani programu ya toleo 9.2 ilikuwa ikitumika kwa hifadhidata ya 9.6 na kushindwa kila siku. Barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikataliwa na seva ya barua. Ndiyo maana onyo letu linatumwa pale taarifa ya *kufaulu* isipofika kufikia saa 12 asubuhi.

Imeendeshwa kwenye seva halisi kwa makundi 20, siku moja ya kusubiri malalamiko, kisha 500, kisha yote.

Wiki ya 14

Jaribio la makabidhiano. Mfanyakazi ambaye hakuwa kwenye mradi alipewa kompyuta safi na maelekezo. Mwanafunzi alikaa pembeni akiandika tu, bila kusema. Mfanyakazi alikwama mara tatu. Kigeu kimoja cha mazingira hakikuandikwa popote kwa sababu kilikuwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi tangu wiki ya 1. Maktaba moja haikufungwa toleo, na toleo jipya lilibadilisha jina la kitendakazi. Na maneno "endesha kama kawaida" hayakumwambia kitu. Marekebisho yamefanyika, jaribio limerudiwa na mtu mwingine tena, siyo yule yule, kwa kuwa wa kwanza sasa anajua.

Wiki ya 15

Ripoti mbili. Ya kampuni ina kurasa chache: kimefanyika nini, kinaendeshwaje, kikiharibika nani aguse nini. Ya chuo inabeba Fellegi na Sunter, kappa, "rule of three", na sura nzima ya kilichodhaniwa kisivyo, yaani kutotegemeana kwa safu. Rasimu imepelekwa kwa kampuni kwanza kwa idhini ya maandishi, na siku kumi zimetengwa kwa ajili hiyo. Picha za skrini zimekaguliwa moja moja: iliyoondolewa haikuwa na jina la mteja mahali pa wazi, lilikuwa kwenye kichwa cha kichupo cha kivinjari.

Wiki ya 16

Ushahidi ulioruhusiwa umenakiliwa mapema wiki, maana akaunti huweza kufungwa asubuhi ya siku ya mwisho. Ufunguo wa SSH umeondolewa kwenye seva zote mbili, tokeni za hazina zimebatilishwa, kazi ya cron imehamishwa kutoka akaunti ya mwanafunzi kwenda akaunti ya huduma. Hili lisipofanyika, siku akaunti inapofungwa kazi ya usiku inakufa nayo. Fomu za tathmini zimesainiwa, daftari halina Ijumaa tupu.

Yaliyobaki yameingia kwenye tiketi za timu: foleni ya mkaguzi bado ina jozi, *m* na *u* zikokotolewe upya kila baada ya miezi sita, na fomu ya kusajili mteja bado inaruhusu kuhifadhi bila kutafuta kwanza kama yupo. Tiketi hiyo ya tatu imepewa kipaumbele cha juu. Pendekezo ni kwamba simu ikishajazwa, fomu ionyeshe wateja hadi watano wenye alama kubwa kabla ya kitufe cha kuhifadhi kufunguka, kwa kutumia msimbo ule ule wa alama, ambao sasa ni maktaba inayojitegemea.